Neno na Mbogi Yake

Juni 2024, hapa Nairobi, neno moja ya ngeli ilitoka bunge, ikapanda nganya, ikashukia base, ikaingia mpaka kwa vibandaski za chapo madondo, na hakuna msee alitoa kamusi. Hiyo neno ni 'assent'. Mwanzo wa huo mwezi ungeuliza mtaa, wenye walikuwa wanaishika vizuri ni maloya na labda odijo wa Kizungu. Alafu Finance Bill ikawaka. Tarehe 25 bunge ikapitisha, wasee wakiwa barabarani, na swali ikabaki moja tu: prezzo atasaini ama ataruka? Magazeti zikaandika 'assent'. TV ikasema 'decline to assent'. Loya akakam redioni akasoma Katiba, Kifungu cha 115, akasema prezzo akikataa, anarudisha mswada bunge na sababu zake. Kufika tarehe 26, Ruto akitangaza hatasaini, hata boy wa smokie pasua pale stage alikuwa anajua venye hiyo neno inatembea. Bill inapewa assent. Bill inanyimwa assent. Na wa kupeana ama kunyima ni prezzo peke yake. Mathe yako hapeani assent ndio uende sherehe. Mathe anakubali tu, ama anakunyamazia mpaka ujijazie.

Hakuna mtu alikariri hapo. Neno ilikuja na mbogi yake: bill, prezzo, bunge, kusaini, kukataa. Ukaisoma kwa gazeti, ukaiskia kwa nganya, ukaipata kwa simu, kila mara iko na hao hao, na kichwa yako ikamaliza kazi bila kukuuliza. Na ilikuwa inakugusa mfuko. Draft ya kwanza ya hiyo bill ilikuwa imewekea mkate VAT ya asilimia 16. Mtu akigusa mkate yako, utajua Kizungu yote yenye ametumia.

Mi nasimama hapo: ngeli ngumu hushikwa hivyo, na zile njia zingine ni kujichosha.

Lakini si hivyo tulifunzwa. Kama ulipitia 8-4-4 unajua mambo ya compo. Odijo anajaza ubao: 'hullabaloo', 'pandemonium', 'flabbergasted', 'in a jiffy', 'took to my heels'. Unanakili nyuma ya kitabu, unameza, alafu siku ya compo unatapika zote kwa ukurasa moja. Ndio maana watoi wa nchi nzima, kutoka Lodwar mpaka Likoni, walikuwa wanaamka na ndege zikiimba, wanavaa 'in a jiffy', na lazima mtu fulani atoroke hata kama compo inaitwa 'My Grandmother'. Maksi zilikuwa zinakam, siwezi danganya. Lakini cheki huyo mtoi miaka kumi baadaye, ako mboka, anaandikia boss imeili. Hizo maneno ziko wapi? Zilibaki class six. Hakuna mahali hiyo listi ilikuwa inamfunza nani husema 'flabbergasted', saa ngapi, na kwa nani.

'Pandemonium' yenyewe iko na stori tamu. Ni John Milton aliitunga, kwa shairi yake refu ya 1667, kama jina ya jumba ya mashetani huko jehanamu, mahali wanakutania kupanga njama. Baadaye watu wakaichukua wakaitumia kwa kelele yoyote yenye haina mwenyewe. Ukijua hivyo, hutaiweka kwa stori ya watoi watatu wakigombania chapo. Utaingoja mpaka ufike Gikomba asubuhi ya kufungua bale, wamama wakipigania kamera, zile nguo safi za kwanza, na hapo neno itakaa poa kabisa.

Na cha kushangaza, huyo huyo mtoi wa kumezeshwa listi ni fundi wa kushika maneno bila listi. Nani alikufunza Sheng? Hakuna odijo, hakuna kitabu, hakuna mtihani. 'Finje' uliijua aje? Ulikuwa umeshikwa mkono na mathe pale stage, kange anapiga nduru "Buru finje, Buru finje!", na watu wazima wakatoa noti za hamsini. Ikaisha hapo. 'Soo' ikakam hivyo, 'thao' pia, na siku umesota ukajua maana ya 'kusota' kwa tumbo kabla ya masikio.

Chukua 'noma' sasa. Nikikuambia "hiyo nganya ni noma," nimeisifu: graffiti safi, mziki inatikisa kifua. Nikikuambia "kuna noma huko mbele," geuza, sanse wako kwa kona. Nikisema "si noma," nimekusamehe. Neno ni moja na maana ni tatu, zingine zinapigana, na hujawahi changanyikiwa hata siku moja. Mgeni akikuuliza 'noma' ni nini utakwama, utasema "inategemea." Hiyo jibu ndio akili yote ya kujua maneno. Mbogi Genje walipokam na ngoma zao, wasee wazima walikuwa wanauliza hao maboyz wanabonga nini, lakini watoi wa Eastlando walirudia wimbo, wakasikiza nani anatajwa na nini inafanyika, na baada ya muda walikuwa wanaongea hivyo kwa foleni ya lunch. Hiyo mashine iko kwa kichwa yako tayari. Shida ni ukiona neno ya Kizungu unazima hiyo mashine, unaenda kutafuta listi.

Na si mimi nimeamka na hii. J. R. Firth, mwalimu wa lugha huko University of London, aliandika 1957 kwamba neno unaijua kwa wale inatembea nao. Alafu John Sinclair, wa University of Birmingham, akaenda mbele akaleta kompyuta. Yeye na watu wake walijaza mashine na mamilioni ya maneno zenye watu wameandika na kusema ukweli, wakaanza kucheki kila neno inakaa na nani. 1987 wakatoa kamusi, COBUILD, na hiyo kamusi inaeleza neno kwa sentensi nzima, venye ningekueleza hapa base, si kwa vipande vya maana vimekauka.

Kitu Sinclair alipata kuhusu 'set in' hunifurahisha mpaka leo. Ukiuliza kamusi ya zamani, itakuambia 'set in' ni kitu kuanza na kukaa. Fiti. Lakini mashine ikaonyesha vitu zenye huwa 'zina-set in': kuoza, kutu, ugonjwa, kukata tamaa, baridi kali. Karibu zote ni mbaya. Hakuna raha huwa inafanya hivyo. Sasa wewe unaandikia beshte kadi ya harusi, unamtakia 'happiness' i-set in kwa ndoa. Spelling iko sawa, grammar iko sawa, maana ya kamusi iko sawa, na bado umekam harusini na nguo za matanga. Ama cheki 'cause'. Tunaitumia kila siku, lakini chunguza magazeti: ajali, hasara, fujo, msongamano. Ukiambia mtu ame-cause furaha yako, ataelewa, lakini kuna kitu itamkwaruza sikio. Hizi vitu hakuna odijo anaweza kuandikia ubao zikaisha. Zinakuingia kwa kusoma sana na kuskia sana.

Ukweli ni hata mtihani yetu inajua hii maneno. KCSE Kizungu, Paper Two, iko na swali moja imeua ndoto za wasee wengi: eleza maana ya maneno zifuatazo venye zimetumika kwa passage. Hayo maneno ya mwisho ndio mchezo yote. Candidate anaona neno anaijua, anafurahi, anaandika maana yenye alimeza Form One, anapata yai. Chukua 'novel'. Mwanafunzi yeyote atasema ni kitabu ya hadithi, kwanza zile setbuku. Lakini Machi 2020, Kenya ikipata kesi ya kwanza ya korona, TV ilikuwa inasema 'novel coronavirus' kila jioni. Hiyo ni 'novel' ya kitu mpya, yenye haijawahi onekana. Msee wa setbuku angeandika nini hapo? Na Paper One iko na cloze test, mapengo kumi kwa maksi kumi, hakuna mahali umepewa maana, umepewa tu majirani wa neno yenye imetoka. Yaani wenye waliweka huu mtihani wanataka ujue mbogi. Ni revision yetu ndio bado inachapa listi.

Sasa ukitaka kuona neno moja ikihama mtaa, fuata 'governor'. 2004, sheria za Michuki zikianza kazi, kila nganya ikaambiwa iweke mikanda na 'speed governor', kile kidude kinazuia gari isipite kilomita 80 kwa saa. Madere wakalia, makange wakajua kukiharibu. Kwa hivyo kwa miaka kadhaa, ukisema 'governor' Nairobi, watu walikuwa wanafikiria kidude cha nganya, ama ule mkubwa wa Central Bank mwenye saini yake ilikuwa kwa noti. Alafu 2013 kaunti 47 zikakam na magavana wao, na neno ikavaa suti, ikapata msafara. Unaona kama ni maneno tatu, lakini ni moja: ilitoka kwa Kilatini, na huko ilikuwa ya kushika usukani wa meli. Kidude kinashika spidi, huyu anashika pesa, yule anashika kaunti, ama ndio anafaa kuwa ameishika. Mtu akijua hivyo, siku akikutana na 'governance' ama 'ungovernable' kwa gazeti hatahitaji msaada.

Hiyo njia ya mizizi inasaidia, lakini iko na mitego. Iko poa kwa 'procrastinate', juu ndani iko na 'cras', Kilatini ya kesho, na wewe unajua vizuri kusukuma vitu kesho. Iko poa kwa 'candidate', juu Warumi wenye walikuwa wanatafuta viti walikuwa wanavaa nguo nyeupe pe, na 'candidus' ni nyeupe. Lakini ukiifuata kwa 'meticulous' itakuacha mataa: mzizi wake ni woga, na leo 'meticulous' ni sifa, fundi mwenye anapima mara mbili kabla akate. Mzizi itakuambia neno imetoka ocha gani. Venye inaishi saa hii, lazima uiangalie ikiwa mtaani.

Wenye wanapenda kukariri nawaambia stori ya Hermann Ebbinghaus, Mjerumani mwenye alijifanyia jaribio ya kukumbuka akaitoa kwa kitabu 1885. Alitaka kupima kumbukumbu peke yake, bila usaidizi wa maana, kwa hivyo akatunga silabi za upuzi zenye hazimaanishi chochote, akazimeza, akapima zinaisha aje. Kwa vipimo vyake, lisaa limoja baadaye zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imeruka. Sasa cheki vizuri: yeye alitoa maana makusudi. Wewe ukikaa kejani na 'perspicacious' kwa kikaratasi, bila sentensi, bila mtu, bila mahali, umejifanyia jaribio ya Ebbinghaus bila kujua, na majibu utapata kama yake. Hata hivyo ametuachia kitu moja ya maana: ukigawanya marudio kwa siku kadhaa badala ya kumeza yote mara moja, kitu inakaa. Lakini rudia ikiwa kwa sentensi mpya, si ile kikaratasi.

Kuna maneno zingine ukikosea utachoma picha vibaya, na zote ni za kujua nani anatembea na nani. 'Notorious' iko karibu na 'famous', lakini mbogi yake ni wezi, matapeli na barabara za ajali. Ukiingia interview useme we ni 'notorious for hard work', hao watu watacheka ukitoka. 'Disinterested' si mtu mwenye ameboeka. Ni mtu mwenye hana maslahi yake kwa kesi, kama jaji anavyofaa kuwa, na kuambiwa hivyo ni heshima. Mwenye ameboeka ni 'uninterested'. 'Mitigate' inachukua mbaya moja kwa moja na kuipunguza makali: unamitigate hasara, unamitigate mafuriko. Ukiiona na 'against', hiyo ni 'militate' imevaliwa nguo za jirani, na hata wasomi wakubwa hukosea hapo. 'Oblivious' inataka 'to' ama 'of'. 'Adamant' inataka ujue mtu amekatalia nini. Haya mambo madogo watu hudharau, na ndio yanatenganisha mtu mwenye anajua neno na mwenye ameiskia tu.

Na pia kuna Kizungu yetu sisi wenyewe, yenye ukienda nayo mbali inabadilika. Hapa nikikuambia nita-'escort' mgeni mpaka stage, ni adabu ya nyumbani, ni kumsindikiza. Kwingine 'escort' ni polisi wa msafara, ama ni ile kazi ya usiku. Na 'alight'? Uingereza hiyo ni neno ya matangazo ya treni, imekaa rasmi, hakuna mtu anaibonga na marafiki. Hapa mama wa mboga na magunia yake mawili anaambia kange, "naalight hapo kwa bamsi," na hakuna mtu anamshangaa. Muulize kange mwenyewe 'impound' na 'crackdown' ni nini. Atakueleza na mifano, na hasira.

Swali yenye mabeshte huniuliza ni maneno ngapi zinatosha. Paul Nation, profesa wa New Zealand mwenye amefanya hii kazi maisha yake yote, alipiga hesabu 2006 akapata kwamba ndio usome novel ama gazeti ya Kizungu bila kukwamakwama, unahitaji familia za maneno kama 8,000 mpaka 9,000. Familia ni kama 'decide', 'decision', 'decisive', 'indecisive', zote zinahesabiwa moja. Usiparare. Zile 2,000 za kawaida kabisa, zenye Michael West alipanga 1953, zinabeba karibu asilimia 80 ya kile utasoma, na hizo ulimaliza primary. Alafu kuna listi ya Averil Coxhead ya 2000, familia 570 za kisomi, kama 'analyse', 'significant' na 'constitute', zenye zinabeba karibu asilimia 10 ya vitabu vya chuo kikuu. Kama unaenda campo, hapo ndio pa kuweka nguvu, si kwa 'perspicacious'. Najua nimetusi listi alafu nimekutajia mbili. Hizo ni za kukuonyesha nini ya kuangalia ukisoma. Si za kumeza.

Kwa hivyo kusoma ni lazima, na visingizio vya doh havikai. Tao kuna inama bookshop, vitabu viko chini kwa karatasi ya nailoni, unainama, unachagua, unabishana bei. Utapata magazeti za kitambo, novel zenye kava imetoka, na hautakosa 'Word Power Made Easy' ya Norman Lewis, ya 1949, yenye wasee wa interview hununua wakidhani itawaokoa. Si mbaya, iko na mizizi na mazoezi, lakini ukilinganisha, mi ningechukua novel yenye inakushika mpaka usahau stage yako. Kama hauna hata soo, kuna maktaba ya McMillan pale Banda Street, na wale simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuwa anakubaliwa ndani, kwa hivyo ukiingia na raba zako ukae na usome, hiyo peke yake ni stori. Eastlando iko na matawi yake, Kaloleni na Makadara, na shirika ya Book Bunk imezirekebisha zikawa safi. Ama gazeti ya jana kwa kinyozi. Anza na michezo kama unapenda mpira: 'relegated', 'stalemate', 'resilient' na 'clinical' utazipata kabla ya ukurasa kuisha, na zote unajua zinaongelea nani juu ulicheki game.

Venye mi hufanya ni hivi. Nikikutana na neno ngumu mara ya kwanza, naipita. Naiangalia tu uso. Ikikuja tena, nasimama, nasoma sentensi ya mbele na ya nyuma, nabahatisha. Ya tatu ndio nafungua kamusi, kuona kama nilibahatisha poa, na mara mingi huwa nimekaribia. Alafu naandika sentensi nzima kwa kitabu, venye nimeipata, na majirani wake wote. Baadaye naiingiza kwa Sheng: "Yule kange alikuwa adamant, soo ama ushuke." Ikikaa hapo bila kuteleza, nimeishika. Isipokaa, bado. Kamusi nayo chagua ya mwanafunzi. Ile nene ya Oxford ya Hornby ilizaliwa Japani, huyo mzee alikuwa anafunza huko kutoka 1924, na kamusi ikatoka Tokyo 1942 kabla Oxford waichape 1948. Aliifanyia watu kama sisi, wenye Kizungu si ya mathe. Ndio maana iko na zile herufi ndogo, C na U, za kukuambia kama kitu inahesabika. Wengi huzipita, na ndio unaskia watu wazima wakisema 'furnitures' na 'advices'.

Kitu moja inaniudhi kwa hii maneno yote ni venye tumefanya Kizungu mingi ikae kama akili mingi. Msee akisimama kwa matanga akamwaga maneno za futi sita, watu wanapiga makofi hata kama hakuna mwenye ameshika, na yule amesema kitu ya maana kwa lugha rahisi anaonekana hajasoma. Hiyo tuliipata shule. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika 1986, kwa 'Decolonising the Mind', venye watoto wa enzi yake walikuwa wanachapwa ama kuvalishwa kibao shingoni kwa kuongea Gĩkũyũ shuleni. Na sisi miaka mingi baadaye tulikuwa na disk, yenye ilikuwa inapitishiwa mtoi mwenye ameshikwa akiongea lugha ya nyumbani, na jioni mwenye ako nayo anajua. Mtu mwenye amejifunza lugha na kiboko atatumia maneno kubwa kujikinga, si kuongea. Mi sitaki ujue 'ubiquitous' ndio utishe wasee wa base. Nataka uijue ndio ukiipata kwa kontrakti ya mboka, kwa fomu ya loan, kwa mswada wa bunge, hakuna mtu atakuzungusha.

Na usidhani hii barabara inaenda upande moja. 2022 kamusi kubwa kabisa ya Waingereza, Oxford English Dictionary, iliongeza maneno kibao za huku kwetu, zikiwemo 'sambaza', 'come-we-stay', na 'tarmac' ile ya kutembea na bahasha ukitafuta kazi. Hakuna mzungu alituambia 'tarmac' inaweza kuwa hivyo. Wasee wa hapa waliitumia na mbogi mpya mpaka kamusi ikakubali.

8-4-4 inafunga duka na KCSE ya 2027. Kama uko ndani bado, ama uko campo, ama unatarmac na bahasha yako, chukua editorial moja ya gazeti leo, soma yote bila kugusa simu, piga mstari chini ya maneno tano zenye hujashika, na usizitafute kwanza. Soma ingine kesho. Zenye zitarudi ndio za kuandika.